Chatu au Nyoka wa Mahindi? Mwongozo kwa Nyumba Iliyoshindwa Kukataa

Mtoto wa Kiswahili anayekulia Minneapolis au Leicester haombi mbuzi. Anaomba nyoka. Tena anakuja na ombi lake akiwa amejiandaa: ana bei, ana picha, na ana jibu kwa kila hoja utakayoitoa. Ukimwambia nyoka ni hatari, anakuuliza mbwa wameng'ata watu wangapi mwaka huu. Ukimwambia nyoka ananuka, anakueleza kwamba mnyama huyo anaweza kukaa wiki nzima bila kwenda haja. Ukimwambia asubiri baba yake arudi kazini, baba anarudi akiwa ameshashawishiwa kwa simu tangu mchana. Nyumba ikifika hapo imeshindwa, na ishindwe kwa heshima. Limebaki swali moja tu: nyoka gani?

Mara nyingi watakaoletwa mbele yako ni wawili. Wa kwanza ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye Waingereza humwita chatu wa kifalme na Wamarekani chatu mpira. Wa pili ni nyoka wa mahindi, mzaliwa wa kusini-mashariki mwa Marekani. Wote hawana sumu. Wote ni wapole, na urefu wao ukubwani unakaribiana, mita moja hadi moja na nusu, ingawa chatu ni mnene na anaweza kufika kilo mbili, na mwenzake ni mwembamba ambaye kwa kawaida hafiki hata kilo moja. Muuzaji atakuambia wote wanafaa kwa anayeanza, na hatakuwa amedanganya. Kisha atakuachia uchague kwa rangi.

Hapo ndipo ninapomkatalia. Rangi utaizoea kabla mwezi haujaisha, lakini tabia utaishi nayo miaka 20. Na tabia ya nyoka, ukiitazama kwa makini, ni namna anavyoogopa. Chatu huyu akiogopa huganda. Nyoka wa mahindi akiogopa hukimbia. Jinsi wanavyokula, wanavyoshikwa, wanavyolala na wanavyowaliza wenye nyumba, yote yanatoka hapo, na mzazi akilielewa hilo hahitaji kujua jina la Kilatini hata moja.

Tuanze na chatu, maana jina lake linatisha kuliko yeye mwenyewe. Ukitamka "chatu" mbele ya mtu wa Nyakach, anamwona Omieri, yule chatu mkubwa ambaye wazee wa Kiluo walimheshimu wakiamini analeta mvua na mavuno. Ukilitamka Morogoro, mtu anamwona chatu aliyemeza mbuzi. Hao ni chatu wetu wakubwa, wanaofika mita nne na kuzidi, wenye nguvu na hasira za kutosha, na sebuleni hawana kazi. Chatu tunayemzungumzia ni ndugu yao mdogo. Anapatikana kuanzia Senegal, kupitia Ghana, Togo, Benin na Nigeria, hadi Uganda upande huu. Aliyesoma riwaya ya Chinua Achebe iliyotafsiriwa kwa jina la Shujaa Okonkwo atamkumbuka yule chatu mtakatifu wa Mbanta, aliyekuwa na ruhusa ya kuingia nyumba yoyote na ambaye watu walimwita Baba. Kule Ouidah, nchini Benin, lipo hekalu lake linalotazamana na kanisa kuu la Wakatoliki. Chatu wa hekaluni hutoka usiku kutafuta chakula mjini, na mkazi anayemkuta mmoja ndani ya nyumba yake humbeba taratibu akamrudisha. Kwa hiyo, mzazi, kama unadhani wewe ndiye wa kwanza kulala nyumba moja na chatu, umetanguliwa na vizazi kadhaa vya Waafrika wenzako, tena wao hawakununua hata sanduku.

Porini chatu huyu hukaa kwenye mashimo ya panya na vichuguu vilivyoachwa na mchwa. Huwinda kwa kuvizia, mara nyingi usiku: hujikunja mahali pamoja na kusubiri. Kwenye mdomo wa juu ana vishimo vinavyohisi joto, na kwa vishimo hivyo anamtambua panya gizani bila kumwona. Mnyama wa aina hii hana sababu ya kuzurura. Akitishwa, hajaribu kupigana wala kukimbia mbali. Hujikunja hadi awe duara, kichwa akikificha katikati, akatulia humo kama mwanafunzi anayeomba mwalimu asimuulize swali.

Mgeni anapomshika mara ya kwanza hutabasamu na kusema: "Jamani, kanipenda! Tazama alivyotulia." Hili ndilo kosa ninalotamani kulifuta katika nyumba zote zenye chatu duniani. Kutulia huko mara nyingi ni hofu tupu. Mwangalie vizuri. Kama mwili umekaza, kichwa kimevutwa nyuma, ulimi hautoki na pumzi ni fupi, huyo hajakupenda, anasubiri uondoke. Chatu aliyeridhika analegea. Uzito wake unaukalia mkono wako, ulimi unatoka polepole, kichwa kinanyooka kwenda kuchungulia kiwiko chako, halafu bega. Tofauti hiyo inaonekana ndani ya dakika tano kwa mtu yeyote aliyeambiwa aitafute. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi hawaambiwi. Wanapeleka nyumbani mnyama mwenye hofu, wanampitisha mikononi mwa wageni wote wa Idi, na kwa kuwa hang'ati wanaamini anafurahia karamu.

Basi kanuni ya kwanza ya mwongozo huu: nyumba inayopenda wageni imwonee huruma chatu. Nyumba zetu zina wageni. Kuna shangazi anayekuja bila kupiga simu, kuna watoto wa jirani, kuna kikao cha harusi kinachogeuka ghafla kuwa kikao cha mahari. Ukimchagua chatu, weka sanduku lake chumba ambacho watu hawapiti, mpe maficho mawili yanayombana mwili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, na uwe tayari kumwambia shangazi: "Leo hashikwi." Shangazi atanuna. Afadhali anune shangazi.

Sasa tuje kwenye kula, maana hapa ndipo chatu anapojaribu imani za watu.

Chakula cha nyoka hawa ni panya waliogandishwa, wanaouzwa wakiwa tayari wameuawa. Unamtoa panya kwenye friza, unamwacha ayeyuke ndani ya friji usiku kucha, kisha unampasha ndani ya mfuko kwenye maji ya moto hadi afikie joto la kiumbe hai. Maikrowevu haihusiki kabisa, na naomba jambo hili lieleweke kabla ya nyumba kupata harufu isiyotoka. Halafu unamshika panya kwa koleo ndefu, unamsogeza karibu na maficho, unamtikisa kidogo. Chatu anamtazama. Vishimo vya mdomoni vinapima joto. Ulimi unatoka mara mbili, na mama mwenye nyumba ameshikilia pumzi.

Chatu anageuza kichwa na kurudi kulala.

Mswahili hawezi kulala akijua kuna kiumbe ndani ya nyumba yake ambacho hakijala. Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akikataa chakula, tunamsihi; akikataa tena, tunauliza tumemkosea nini. Chatu huyu anaweza kukataa wiki hii, na ijayo, na mwezi mzima, na katika miezi ya baridi anaweza kukataa miezi kadhaa mfululizo akiwa mzima wa afya. Wakubwa wengi hufanya hivyo, hasa madume msimu wa kujamiiana. Porini chakula huja kwa msimu, na mwili wake umeumbwa kwa hilo. Kumlazimisha ni kumtesa. Kazi yako ni mizani ya jikoni, utakayomtengea yeye peke yake. Mpime kila wiki mbili na uandike. Kama uzito unasimama palepale, nyoka yuko salama na mgonjwa ni wewe. Ukishuka kwa kasi, au mdomo ukitoa ute, au akipumua kwa sauti, nenda kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia.

Kabla ya kumlaumu, chunguza nyumba yake. Chatu anataka upande wa joto ufike nyuzi 32 hivi za Selisiasi na upande wa baridi ukae 26, na unyevu wa hewa usipungue asilimia 60. Joto lolote unalotumia liongozwe na thamostati. Taa au mkeka wa joto usiodhibitiwa humuunguza nyoka ngozi naye haondoki hapo. Ukosefu wa maficho, sanduku lililo wazi mno, kelele za redio juu ya kioo na kushikwashikwa kila siku humnyima hamu ya kula kuliko ugonjwa wowote. Chatu anayekataa chakula mara nyingi anasema jambo, na mara nyingi jambo lenyewe ni kwamba anaogopa.

Nyoka wa mahindi hana maringo hayo. Huyu anakula. Mtoto wake hulishwa kipanya kila siku tano hadi saba, na mkubwa hulishwa mara moja katika siku 10 hadi 14, na wengi wao wangekula hata siku ambayo si yao. Ukipita karibu na kioo anatoka kwenye maficho yake na kusimama akikuangalia, akiulizia. Upande wa joto nyuzi 30 zinamtosha, upande wa baridi 24, na unyevu wa kawaida wa nyumba nyingi unakaribia anaouhitaji. Anamsamehe mwanafunzi makosa ambayo chatu angeyajibu kwa mgomo wa miezi mitatu.

Kwao ni kuanzia New Jersey kushuka hadi visiwa vya mwisho vya Florida, na magharibi hadi Louisiana. Huishi misituni, kwenye magofu na kwenye maghala ya mahindi, ambako aliwafuata panya na wakulima wakamzoea. Anapanda miti. Anaogelea. Anachimba. Huwinda kwa kutembea akinusa kwa ulimi, akichungulia kila ufa ili aone kuna nani. Kwa bahati mbaya ana madoa ya rangi ya kahawia na chungwa yanayomfanya afananishwe na nyoka mmoja wa kule mwenye sumu, na wengi wao huuawa kwa majembe bila hatia. Msomaji aliyekulia kijijini hahitaji kuelezwa jinsi jambo hilo linavyotokea.

Akiwa mdogo, mwembamba, amenunuliwa juzi, nyoka wa mahindi ni mwoga wa waziwazi. Hutikisa mkia kwa kasi hadi majani yatoe sauti, hujikunja shingo tayari kurusha kichwa, hukumwagia mkononi uchafu wenye harufu kali, na hung'ata. Meno yake wakati huo hayafiki popote; utasikia mguso tu. Wazazi wengi huona tukio hilo dukani wakamwita mkali, wakamgeukia chatu aliyejikunja pembeni na kusema huyo ndiye mpole. Ninasisitiza hapa kwa sababu uchaguzi mwingi huharibika dakika hiyo hiyo. Wote wawili wanaogopa kwa kiwango kilekile. Mmoja anakuambia, mwingine anakuficha. Anayekuambia ni rahisi kumfundisha, kwa sababu unaona siku kwa siku hofu inavyopungua: wiki hii hatikisi mkia, wiki ijayo hakumwagii uchafu, na baada ya miezi michache anatiririka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kana kwamba mikono yako ni matawi aliyokuwa akiyatafuta.

Hasimami, hata hivyo. Mtoto anayetaka nyoka wa kukaa naye mapajani akiangalia filamu atavunjika moyo, maana nyoka wa mahindi ataiacha filamu katikati na kuingia kwenye mkono wa sweta. Ni mwepesi, na mtoto asiye makini atamdondosha. Mfundishe mwanao kumshika akiwa ameketi chini sakafuni, mikono yote miwili, asimbane, asimfuate shingo. Amwache apite na yeye ahamishe mikono.

Na kuna suala la kutoroka. Nyoka wa mahindi ana kipaji. Mdogo hupita kwenye ufa unaotosha penseli, na mkubwa husukuma kifuniko cha sanduku kwa pua usiku kucha bila kuchoka. Kitabu kizito juu ya kifuniko hakimzuii. Kinachomzuia ni kufuli au vibano. Atatoroka siku mtakayosahau, kwa hiyo ni vyema familia ijue mapema taratibu za usiku huo. Zimeni taa, zibeni nafasi zilizo chini ya milango kwa taulo, na mtafuteni kwanza penye joto: nyuma ya friji, chini ya jiko, karibu na mabomba ya maji ya moto, ndani ya viatu. Kisha nyunyizeni mstari wa unga wa ngano kwenye kila mlango. Asubuhi alama zitawaonyesha amepita wapi. Mama mwenye nyumba ataulizia unga wake, na ana haki. Kwa sababu hiyo mzazi anayemchagua nyoka wa mahindi anunue sanduku zuri kwanza, la urefu wa sentimita 120 hivi, alifunge, alijaribu joto lake kwa wiki nzima likiwa tupu, ndipo amlete mwenyewe. Chatu naye anastahili sanduku la ukubwa huohuo, ingawa yeye atatumia robo yake.

Sasa itabidi bibi aambiwe. Usimpe mtoto kazi hiyo peke yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hamjambo huko na baridi yenu?"

"Hatujambo. Bibi, tunataka kufuga nyoka."

Kimya kinapita baharini na kurudi.

"Mpe simu mama yako."

Kinachofuata usikichukulie kwa dharau. Bibi aliyeko Tanga au Kilifi ameishi karibu na koboko, swila na kifutu. Anamjua mtu aliyekatwa mguu. Kwake nyoka mpole ni maneno mawili ambayo hayajawahi kukutana, na elimu hiyo imewaweka wanawe hai. Usimwambie amepitwa na wakati. Mweleze anachokula. "Anakula panya tu, mama." "Panya tu?" "Panya tu. Wa kwao hukaa kwenye maghala ya mahindi." Mwanamke yeyote aliyewahi kuweka gunia la mahindi ndani na kulikuta limetobolewa atafikiri kidogo hapo. Namwamini bibi kuliko muuzaji katika hatua hii, kwa sababu bibi anauliza maswali ya tabia: analala wapi, anakula nini, anatoka saa ngapi, nani atamwangalia mtoto akienda shule. Hakuna hata moja linalohusu rangi.

Kuhusu rangi, nitasema machache na kwa uchungu. Chatu huyu amezalishwa katika rangi na michoro isiyohesabika tangu miaka ya 1990, alipozalishwa chatu mweupe na njano, zeruzeru, na bei yake ikawa ya gari. Leo chatu wa rangi ya asili huuzwa kwa makumi ya dola na wa rangi adimu kwa maelfu. Miongoni mwao kuna aina inayoitwa Spider, yenye mistari myembamba ya kupendeza, na urithi uleule unaoleta mistari hiyo huharibu sikio la ndani. Nyoka hao hutikisa vichwa, hupoteza mwelekeo, wengine hugeuka chali wakati wa kumlenga panya. Muuzaji atasema haimsumbui. Mtazame mnyama asiyejua juu ni wapi, kisha uamue kama unamwamini. Nyumba yangu nisingemtia humo hata nikipewa bure, na sioni kwa nini aendelee kuzalishwa.

Muulize pia muuzaji kama nyoka amezaliwa kwa mfugaji. Chatu wengi wamesafirishwa kutoka Togo, Benin na Ghana kwa miongo, wengine wakiangulika kutokana na mayai yaliyotolewa kwenye mashimo porini, wengine wakikamatwa wakubwa wakiwa na kupe na woga usioisha. Spishi hiyo iko kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kwa hiyo biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Aliyezaliwa kwa mfugaji, anayekula panya waliogandishwa, mwenye rekodi ya mlo, ndiye utakayemwelewa. Omba umwone akila. Mfugaji mwaminifu atafurahi kuulizwa.

Mambo ya sheria ni mafupi. Hawaii nyoka wote ni marufuku, na faini inaweza kufika dola 200,000. Jimbo la Georgia haliruhusu kufuga nyoka wasio na sumu wa asili yake, naye nyoka wa mahindi yumo. Australia wote wawili hawaruhusiwi. Popote ulipo, soma mkataba wa nyumba ya kupanga kabla ya kulipa. Ikiwa uko Kenya au Tanzania, kufuga nyoka bila kibali cha mamlaka za wanyamapori ni kosa, na kumwokota nyoka shambani ili "umjaribu" ni kuhatarisha maisha, kwa kuwa wapo wasio na sumu wanaofanana mno na wanaoua. Nenda Nairobi kwenye bustani ya nyoka ya Makumbusho ya Taifa, au ile ya Bio-Ken kule Watamu, ukawatazame mikononi mwa wanaowajua.

Mtoto wa chini ya miaka mitano akiwemo nyumbani, subirini. Reptilia hubeba salmonela bila kuumwa, na wataalamu wa afya wa Marekani hushauri nyumba zenye watoto wadogo hivyo zisifuge kabisa. Wakubwa wanawe mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika, na vyombo vya nyoka visioshwe kwenye sinki la jikoni.

Jaribio la mwisho fanyeni kwa mfugaji, familia nzima ikiwepo. Kaeni chini. Mshikeni chatu kwa dakika 10 bila kuongea, halafu nyoka wa mahindi kwa dakika 10. Usimwangalie nyoka, mwangalie mwanao. Kuna mtoto ambaye mbele ya chatu hushusha sauti, akatuliza mikono, akasubiri bila kuambiwa hadi kile kichwa kijitokeze chenyewe. Mtoto huyo anaweza kumtunza chatu, na chatu atamfaa sana, kwa sababu subira yake italipwa. Kuna mwingine ambaye dakika ya tatu ameshauliza kwa nini hafanyi kitu. Huyo mpe nyoka wa mahindi, atakayemwonyesha kila kitu: kupanda, kuchimba, kunywa maji, kumeza, kujivua gamba lote kwa mkupuo mmoja kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia.

Mimi nikilazimishwa kuchagua kwa niaba ya nyumba nisiyoijua, nachagua nyoka wa mahindi. Huyu hasemi uongo juu ya hali yake, na anayeanza anahitaji mwalimu wa namna hiyo. Chatu namheshimu mno kiasi cha kutotaka apewe mtu atakayedhani hofu yake ni mapenzi. Umri nao ni wa kufikiriwa. Nyoka wa mahindi huishi miaka 15 hadi 20, na chatu mara nyingi hufika 30. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis chatu wa aina hii alipokelewa mwaka 1961, na Julai 2020, akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60, akataga mayai saba bila kuwa karibu na dume kwa miaka mingi. Mwanao ataenda chuo, ataoa au kuolewa, na chatu atakuwa chumbani kwake akikusubiri wewe na koleo. Kubalianeni sasa nani atamrithi.

Akishafika nyumbani, awe nani kati ya wawili hao, mwacheni siku saba. Mnabadilisha maji, mnaangalia kipimajoto, basi. Hakuna kumshika, hakuna picha za mwanga mkali za kupeleka kwenye kundi la ukoo. Siku ya nane mpeni panya wa kwanza, mdogo kuliko mnavyodhani anahitaji, taa zikiwa hafifu, mtu mmoja tu chumbani. Akila, msimshike kwa saa 48, maana anaweza kutapika. Asipokula, panya aliyeyeyushwa harudi friza: afungwe kwenye mfuko na kutupwa, sanduku lifungwe vizuri, na mjaribu tena wiki ijayo.